Hamu ya gofu ikipungua, kagua fimbo kabla ya kukagua moyo

Mchezaji wa ridhaa akisema "gofu imenichosha," mara nyingi anasema kweli, ila hajamaliza sentensi. Kuna kitu mahususi kilichomchosha. Huenda ni mpira unaokata kulia kila akipiga kutoka kwenye tii (pale shimo linapoanzia), au Jumamosi nzima inayoliwa na foleni ya makundi mbele yake, au bili ya klabu ya mwisho wa mwezi. Kwa kuwa kitu hicho hakijatajwa kwa jina, lawama yote huuangukia mchezo wenyewe, na begi linaishia stoo.

Nimewaona wengi wakiondoka hivyo, watu wazuri wa kucheza nao, na inaniuma kwa sababu wengi wao walikuwa na tatizo linalorekebishika. Kwa hiyo hapa tutafuata dalili. Tutaanza na zile zinazopimika na ambazo tiba yake ni ya bei nafuu, twende kwenye mikono na miguu, halafu ndipo tufike kwenye hamu yenyewe. Nimewalenga wachezaji wa vilabu vya Kenya, kwa sababu mwinuko wa Nairobi, joto la Pwani na nyasi zetu vina mchango wake katika matatizo haya. Kulia na kushoto ninakotaja ni kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Ombi moja kabla ya yote: usinunue draiva mpya (fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza) hadi umalize kusoma.

Mpira unakata kulia

Hii ndiyo dalili inayopoteza mipira mingi na subira nyingi zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Mpira unapoondoka, kwa kiasi kikubwa unaanza kuelekea pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama wakati wa kugusana. Kupinda kwake angani kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Uso ukiwa wazi kulia kuliko njia, mpira unapinda kulia, na tofauti ikiongezeka, mpira unapinda zaidi. Basi swali la kwanza si mpira umeishia wapi, ni umeanzia wapi. Muombe mwenzako au kedi (mbeba begi wako) akuangalizie hilo tu.

Ukianzia kushoto ya lengo kisha ukarudi kulia, fimbo yako inashuka kutoka nje kuja ndani. Mara nyingi chanzo ni mabega yanayofunguka mapema, au umejipanga ukitazama kushoto ili kukwepa miti iliyo kulia. Hili la pili ni mtego mbaya. Kadiri unavyojipanga kushoto ndivyo fimbo inavyozidi kukata kwa mshazari, na mpira unapinda zaidi kuelekea miti ileile. Laza fimbo mbili chini kwenye renji (uwanja wa mazoezi), moja ikielekea lengo na nyingine sambamba na vidole vya miguu, upige mipira kadhaa huku mabega yako yakifuata fimbo hizo. Utahisi kana kwamba umejipanga kulia mno. Vumilia hisia hiyo, itapita.

Ukianzia katikati au kulia na kuzidi kwenda kulia, njia ya fimbo inaweza kuwa nzuri kabisa na shida ikawa uso peke yake. Uso huongozwa na mikono. Shika fimbo kama kawaida, tazama chini, uhesabu vifundo vya mkono wa kushoto unavyoviona. Ukiona kimoja au usione chochote, mkono umegeukia kushoto kupita kiasi. Uzungushe kuelekea kulia hadi vionekane viwili au vitatu, kisha usiuguse tena. Mabadiliko haya ni madogo kwa macho ila mikono itayakataa kwa siku kadhaa, na wengi hurudi walikotoka kabla hayajawasaidia.

Bado kuna kipimo kimoja, tena hakigharimu chochote. Chukua kalamu ya kuandikia ubao mweupe, chora mstari mnene juu ya mpira wenyewe, upande utakaopigwa, halafu piga kwa draiva. Alama ya wino itabaki kwenye uso wa fimbo. Ikiwa iko upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo, umepata sehemu ya jibu: draiva ikigusa mpira kwa kisigino huuongezea mzunguko wa kwenda kulia hata kama uso ulikuwa sawa. Mguso wa nchani hufanya kinyume. Kuna watu waliosomea swingi zao (mwendo wa kuzungusha fimbo) kwa miaka huku kosa likiwa ni kusimama karibu mno na mpira kwa sentimita mbili tatu.

Nairobi ulikuwa mzima, Mombasa umeumwa

Mtu anashuka Pwani kwa likizo, anacheza Nyali, Vipingo au Diani, na kila kitu kinaharibika: mpira haufiki, tena unapinda maradufu. Anarudi akisema mchezo umemtupa mkono.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo haiuzuii mpira sana, na mpira unakwenda mbali kwa karibu asilimia 6 zaidi kuliko ufukweni. Fimbo inayokupa mita 150 Nairobi, tarajia ikupe takriban 141 Mombasa. Hiyo ni fimbo moja nzima. Na hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayoficha makosa, kwa sababu kinachopindisha mpira ni hewa inayopita kwenye vishimo vyake ukiwa unazunguka. Hewa ikiwa nzito, mzunguko uleule unaupindisha zaidi. Swingi haikubadilika. Pwani imeonyesha tu kilichokuwepo, kisha upepo wa baharini ukaongeza chumvi.

Hapo kedi wa Pwani ana thamani kuliko kifaa chochote cha kupimia umbali. "Mzee, ongeza fimbo moja, hapa si Nairobi," anakuambia, ukiwa umeshika namba 8 (namba ikiwa ndogo, fimbo hufika mbali zaidi). Jibu la kukuokoa mkwaju ni fupi: "Sawa, kijana, nipe saba." Wengi husema fimbo zinapungua nguvu kwa sababu ya unyevunyevu, lakini sivyo. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu, na joto huusaidia mpira. Kinachokupunguzia umbali ni kukosekana kwa mwinuko.

Anayetoka Pwani kupanda Limuru au Nakuru hupata kinyume: anapitisha grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) na kushangilia nguvu mpya. Asinunue fimbo kwa furaha hiyo.

Ayoni inachimba ardhi, au inapiga mpira kichwani

Hizi zinaonekana dalili mbili lakini chanzo ni kimoja: sehemu ya chini kabisa ya duara la swingi iko mahali pasipo pake. Kwa ayoni (fimbo za chuma zenye namba) inapaswa kuwa mbele ya mpira, upande wa lengo, kwa kama sentimita 5 hadi 10. Fimbo iguse mpira kwanza, kisha nyasi. Ikiwa sehemu hiyo iko nyuma ya mpira, siku moja utachimba, na siku ya pili mwili utajiinua kuogopa kuchimba, upige mpira kichwani.

Kunja taulo, ulilaze kama sentimita 12 nyuma ya mpira, upige bila kuligusa. Ukilikokota kila mara, uzito wako umebaki mguu wa kulia. Wanaojaribu "kuusaidia" mpira kupanda hubaki nyuma hivyo. Kazi ya kuupandisha ni ya mwinamo wa uso wa fimbo, wewe shuka na uhamie mguu wa kushoto.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu nyasi. Fewei nyingi (njia za nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini) za nyanda za juu zina Kikuyu grass, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na sasa iko kwenye viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California. Ukiitazama kwa karibu utaona ina majani manene na mashina yanayotambaa. Fewei ikiwa imekatwa vizuri, inauinua mpira kana kwamba umewekwa juu ya kijiti kidogo cha tii. Hiyo ni zawadi, ila inadanganya: mtu anayechimba kidogo anasamehewa hapo, halafu anakwenda kiwanja chenye nyasi nyembamba na kushangaa amepoteza mchezo.

Kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) nyasi hiyo haisamehi mtu. Inaishika shingo ya fimbo, uso unajifunga, na mpira unaruka kushoto au haufiki popote. Ukiwa humo chukua weji (fimbo fupi ya kupandisha mpira juu) au namba 9, shika kwa nguvu kidogo zaidi, fungua uso kidogo, na lengo lako liwe kurudi fewei. Fimbo ndefu ndani ya Kikuyu grass iliyoloweshwa na mvua ya Aprili ndiyo inayozaa shimo la mikwaju 9. Na karibu na grini, usitegemee mpira wa kutambaa: ukitua kwenye pindo la nyasi hizo unasimama papo hapo. Urushe utue ndani ya grini.

Mpira unatoka kwa shingo ya fimbo

Unaruka kulia kwa pembe kali na moyo unashuka nao. Mara nyingi uzito umehamia kwenye vidole vya miguu, mikono ikasukumwa mbali na mwili. Weka mpira wa pili nje ya ule unaoupiga, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yao, upige wa ndani bila kugusa wa nje, uzito ukiwa katikati ya nyayo. Fanya hivyo taratibu kwa nusu ya swingi. Kosa hili likikukuta katikati ya mzunguko (mchezo mzima wa mashimo), rudi nyuma kidogo kutoka kwa mpira, cheza shimo hilo, na usilitaje. Watu wa gofu wana imani zao kuhusu kulitaja, nami katika hili ninawaunga mkono.

Fimbo zenyewe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na vilabuni methali hii hutumika kumnyamazisha yeyote anayelalamikia vifaa. Ni sawa kwa anayebadilisha draiva kila msimu. Lakini hakuna mkulima anayelima na jembe lenye mpini unaozunguka mkononi, na wachezaji wengi wa ridhaa ndivyo wanavyocheza.

Anza na gripu, yaani mshikio wa fimbo. Itoe fimbo unayoitumia zaidi, labda namba 7, utazame pale kidole gumba cha kushoto kinapokaa. Ukiona panang'aa, pamekuwa laini kama plastiki au pana kishimo, hiyo gripu imekufa. Mkono ukihisi utelezi unabana zaidi bila wewe kuuamuru, misuli ya mkono wa mbele inakakamaa, uso wa fimbo unachelewa kujifunga, na mpira unakata kulia. Tazama tulivyorudi kwenye dalili ya kwanza. Ndiyo maana nasema kagua fimbo kwanza: mtu anaweza kulipia mafunzo ya miezi akitibu kosa lililoletwa na raba iliyochakaa ya gripu.

Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, uzikaushe kivulini. Jasho na mafuta ya kujikinga na jua ndivyo vinavyoziua haraka, hasa Pwani. Ushauri wa kawaida ni kuzibadilisha kila mwaka au kila baada ya mizunguko 40 hivi. Seti nzima ya gripu ni sehemu ndogo sana ya bei ya draiva moja. Glavu nayo, ikikakamaa kwa jasho, haishiki kitu. Kuwa na mbili, uzibadilishe kila baada ya mashimo machache.

Kisha shafti, yaani mpini wenyewe. Fimbo nyingi tunazonunua huku ni mitumba: zimetoka Uingereza, Marekani au kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake na kuuza begi. Hakuna ubaya, mimi nazipenda, ila zilitengenezewa mtu mwingine. Shafti ngumu kuliko kasi yako kwa kawaida huurusha mpira chini na kulia. Iliyo laini mno huupandisha juu na kuuyumbisha. Soma herufi kwenye shafti kabla ya kulipa. R ni ya kawaida, S ni ngumu, na A au "Senior" (ya wazee) ni laini zaidi. Kijana mwenye nguvu aliyerithi fimbo za babu yake wa kambo hana shida ya kipaji.

Urefu na pembe pia. Tazama kipande cha nyasi kilichotoka baada ya kupiga ayoni. Kikiwa na kina upande wa kisigino, fimbo imesimama mno kwako na itakupeleka kushoto. Kikiwa na kina upande wa ncha, imelala mno na itakupeleka kulia. Fundi anayejua kazi hukunja pembe hiyo kwa nyuzi moja au mbili kwa muda mfupi.

Kosa linalosahaulika zaidi ni pengo la weji. Watengenezaji wamekuwa wakiongeza umbali wa ayoni kwa kupunguza mwinamo wa uso. Namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 au zaidi, ya sasa nyingine ina 28 au 29. Weji ya kawaida ya seti mpya inaweza kuwa na nyuzi 44, wakati weji yako ya mchangani ni 56. Kati yake kuna nyuzi 12 tupu. Ndiyo sababu ukibaki na mita 85 huna fimbo, kila mara unalazimisha moja au unabembeleza nyingine. Tia weji ya nyuzi 50 katikati. Ikiwa begi limejaa, maana sheria inaruhusu fimbo 14 tu, toa ayoni ndefu ambayo huipigi vizuri hata hivyo.

Mipira usiitilie maanani sana, isipokuwa kwa jambo moja: cheza aina moja mzunguko mzima. Ukibadilisha ngumu kwa laini kila unapookota mmoja msituni, mkono hautajifunza umbali kwenye grini.

Puta tatu kila grini

Puta ni mkwaju wa kuviringisha mpira kwenye grini, na karibu kila mara shida yake ni umbali, si mwelekeo. Kabla ya kuanza, nenda kwenye grini ya mazoezi, pima hatua 10, upige mipira mitatu bila kulenga shimo, ujue tu leo mpira unakimbia kiasi gani. Asubuhi kukiwa na umande unakimbia polepole, na kufikia saa saba mchana ni grini nyingine. Tazama pia nyasi zimelalia wapi. Upande ukiwa unang'aa, zimelala kuelekea mbele na mpira utakimbia. Upande ukiwa na kijani kilichokolea, zimekuelekea wewe na zitaupunguza.

Na ujue kipimo cha haki. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, wanaokula kwa puta hiyo, huingiza karibu nusu tu ya puta za mita 2.4. Wewe unayejikasirikia kwa kukosa moja ya mita 3 kwenye grini ya klabu, unajikasirikia kwa nini?

Alama hazishuki, na hapo ndipo hamu inapovuja

Sasa tumefika. Vifaa viko sawa, mpira unakwenda mbele, ila kadi ni ileile na Ijumaa jioni hupangi tena nguo za kesho.

Chunguza kwanza unatarajia nini. Tangu mfumo wa kimataifa wa hendikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji kwa mikwaju anayoongezewa) uanze mwaka 2020, hendikapu yako inakokotolewa kutoka mizunguko 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Rudia kusoma: 8 bora. Si wastani wako, ni uwezo wako unapocheza vizuri. Mchezaji wa kawaida huifikia hendikapu yake takriban mzunguko mmoja kati ya minne au mitano. Mizunguko mingine yote ataizidi, na hiyo ni afya, si ugonjwa. Mwenye hendikapu 18 anayedhani kila Jumamosi lazima apige 90 kwenye kiwanja cha par 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mashimo yote) amejiandalia huzuni mara tatu au nne kwa kila furaha moja.

Kisha tafuta hamu imevujia wapi. Njia ninayoiamini ni ya kupima kwa kuondoa kitu kimoja kimoja.

Nenda jioni ya katikati ya wiki, saa kumi hivi, ucheze mashimo 9 peke yako. Chukua fimbo 5 na usiandike alama. Ukitoka umechangamka, mchezo haujakuchosha; kilichokuchosha ni mashindano na kadi. Punguza mikwaju ya kuhesabu na ucheze zaidi kwa pointi au shimo kwa shimo. Mfumo wa pointi ulibuniwa na daktari Frank Stableford na ukachezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, kwa ajili hasa ya watu kama sisi: shimo likiharibika unapata sufuri, unaokota mpira, unaendelea na siku yako. Mikwaju 9 ya kwenye rafu haikufuati hadi shimo la 18.

Ukicheza peke yako ukaona upweke, lakini ukafurahia mzunguko na rafiki aliyekualika klabu nyingine, basi tatizo ni kundi lako. Watu wanne walewale, dau lilelile, mizaha ileile kuhusu shimo la 4. Ni jambo gumu kulikiri kwa sababu hao ni marafiki. Huna haja ya kuwaacha. Waambie, "Ndugu zangu, mwezi huu nitakuwa nacheza asubuhi," ujiandikishe na watu usiowafahamu. Cheza pia na mtu aliye bora kuliko wewe sana. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kama makedi, na kwenye klabu yako yupo kedi anayepiga mpira kuliko wanachama karibu wote. Mualike mcheze siku makedi wanaporuhusiwa. Utajifunza kwa kutazama tu mwendo wake anapokaribia mpira.

Ukifurahia kila kitu hadi unapofika mashimo ya mwisho umechoka na kununa, tatizo ni mwendo. Sheria zinashauri sekunde 40 kwa mkwaju, na tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, si 5. Nunua muda pale unapoweza: tii ya kwanza ya asubuhi, Jumapili mchana, au mashimo 9 badala ya 18, ambayo hendikapu inayapokea vilevile. Kwenye kundi lako, aliye tayari apige. Sheria inaruhusu katika mchezo wa mikwaju, na si utovu wa adabu.

Ukifurahia uwanjani lakini unaingiwa na hofu ukifungua ujumbe wa mhasibu wa klabu, hiyo ni pesa, na pesa isiitwe uvivu. Tenganisha gharama za gofu na gharama za baada ya gofu. Kwa wengi, ada, kedi na mipira ni sehemu ndogo; kilichobaki ni dau na meza ya "shimo la 19", yaani baa ya klabu. Ukiondoa dau kwa msimu mmoja utagundua pia kwamba puta ya mita moja imekuwa rahisi zaidi.

Mwili usiusahau. Maumivu ya mgongo wa chini, kiwiko au bega hupunguza hamu taratibu bila kujitangaza, maana unaanza kukwepa kabla hujajua unakwepa nini. Maumivu yanayorudi kila baada ya mzunguko ni ya daktari au mtaalamu wa viungo. Usiyapelekee kocha.

Ukiwa umejaribu yote, na bado

Basi pumzika, na upumzike kwa makusudi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuacha kwa hasira katikati na kuweka begi chini kwa uamuzi. Bobby Jones, Mmarekani aliyebaki wa ridhaa katika miaka yake yote ya mashindano, mwaka 1921 aliuacha mzunguko wake wa tatu wa The Open (mashindano makuu ya Uingereza) pale St Andrews njiani, baada ya kukwama kwenye banka, yaani shimo la mchanga, ya shimo la 11. Mwaka 1927 alirudi uwanja uleule akashinda. Mwaka 1930 alitwaa mashindano makubwa yote 4 ya enzi zake, kisha akaaga akiwa na miaka 28, na safari hiyo hakuna aliyemfukuza. Wewe pia una haki ya kuondoka. Hakikisha tu siku unayoondoka si siku ya banka.

Weka tarehe ya kurudi, mwezi au miwili mbele, na uiambie familia ili wakati wenu usijazwe na kitu kingine. Uliza ofisi ya klabu kama kuna uanachama wa mtu aliye mbali au aliyesimama kwa muda, kwa kuwa vilabu kadhaa vinao na ada yake huwa ndogo. Ukibaki mwanachama, rekodi zako za hendikapu zinabaki, kwa hiyo usirudi kwa haraka ya kuziokoa.

Fimbo usiziache kwenye buti ya gari. Joto la mchana hulainisha gundi inayoshikilia vichwa na gripu, na mipira hupoteza uchangamfu. Osha gripu, futa nyuso za fimbo kwa kitambaa kikavu, toa glavu iliyoloa kwenye mfuko wa pembeni, na usimamishe begi ndani ya nyumba mahali pakavu. Fimbo ya puta iache nje ya begi, karibu na zulia.